Jiwe la Eliska

Kila tramu ikipita
hapa Brno, nyumba, kuta,
chupa yangu ya mafuta,
vyote vinatetemeka.

Mimi nilishazoea.
Jindra ndiye huumia:
santuri inapolia
sindano hurukaruka.

Akasema: "Tuizime
friji. Wewe usiseme,
wala hapo usihame,
nyayo nazo husikika."

Nikakaa kama picha,
supu motoni naacha,
hata chafya naificha;
sufuria ikafoka.

Akakata kwa makini
mipira, aweke chini
ya mtambo. Asilani
tramu haikufichika.

Akaleta na mchanga,
sinia tele, kapanga;
paka wetu si mjinga,
akachimba na kuzika.

Tyubu ya baisikeli
akaijaza kamili;
usiku wa saa mbili,
pu! tyubu ikapasuka.

Hruška mchonga kaburi
ana jiwe la fahari,
jeusi, zito, tayari,
bei yake imeshuka.

Wafiwa walilikana:
herufi moja ya jina
kofia yake haina,
si Eliška, ni Eliska.

Kilo sitini na tano
ngazini; wawili, guno
kwa guno, hata kiuno
cha Hruška kikateguka.

Jindra alilipindua,
jina likatazamia
sakafu, likatulia;
juu yake akaweka

mtambo. Tramu ikaja.
Tukangoja, tukangoja
ya pili. Hatua moja
sindano haikuruka.

Nikasikia mwimbaji
akinywa hewa ja maji,
na kiti cha mpigaji
piano kikialika.

Hiyo ni miaka kumi
sasa. Jiwe halihami.
Mkono wake, na mimi
naona, watukutika.

Vidonge vina ratiba,
vitatu, halafu saba
jioni; si haba tiba,
vidole bado vyaruka.

Jana akikaribia
santuri, kanitupia
jicho; hakunitajia
neno, wala kutamka.

Mkono wangu u chini
ya wake: mimi, jamani,
jiwe. Mtetemo ndani
yangu ukaja kushuka.

Tramu ikaenda zake.
Sindano, kwa njia yake,
yatua. Gizani kwake
Eliska hakushituka.

Friji ikawa yavuma,
hakuna aliyezima;
wawili tukasimama
hadi wimbo kukatika.