Nipe Mji

Namba ilikuja usiku, haina salamu:
kusini digrii sita, mashariki thelathini na tano,
kisha mkia wa desimali mrefu kama wa kenge.
Chini yake Mhungo ameandika: Kitendawili.
Nami, nusu nimelala, nikajibu: Tega.

Kaka yangu huendesha lori la alizeti.
Kila anapolala ameficha kitu, au amefichua:
Manyoni, nyuma ya tangi la reli, kichupa cha dawa;
Singida, kwenye ufa wa jabali linalotazama ziwa,
kopo la kahawa, na ndani daftari
la majina ya watu wasiojuana.
Kule Kolo alihangaika saa mbili
kwa sababu ya mita nne,
akachoka, akaketi kutazama pimbi wakiota jua.
Nililolipata ni hilo, alisema.

Sheria ni chache. Ukichukua, weka.
Andika jina. Rudisha kama ulivyokuta.
Wapita njia wasikuone.

Mimi ninakula kwa namba hizo hizo.
Nashika ufito wa mpima ardhi,
naita tarakimu, yeye anaandika;
nyuma yetu huota bikoni za zege,
na palipoitwa kwa mtu fulani
panaitwa Kitalu F, kiwanja cha mia mbili na kumi na mbili.
Sikujua namba inaweza kumwita mtu.
Nilidhani kazi yake ni kumwambia atoke.

Jumamosi nikaifuata, njia ya Ntyuka,
upepo wa Septemba ukinijaza vumbi mdomoni.
Simu ikasema mita mia nne. Mita tisini.
Kisha ikababaika, kama mtu
anayejua jina lako ila halimjii:
tatu kulia, tano nyuma, mbili, saba.
Kijana wa bodaboda akauliza nimepoteza nini.
Hereni, nikasema.
Akazima pikipiki, maskini, akainama kutafuta pamoja nami,
akapekua majani makavu kwa kidole kimoja kimoja,
hata nikaona haya,
nikafumba ngumi tupu: hii hapa, nimeipata.
Alifurahi kuliko mimi.

Alipoondoka ndipo nikatazama nilipo.
Uzio wa mabati. Nondo. Lundo la kokoto.
Na lile jiwe la kusagia, bonde lake katikati,
lililochimbwa na viganja vya Bibi Mbeho
mtama baada ya mtama.
Tembe ilikuwa hapa. Zizi pale penye tangi la maji.
Miaka tisa. Nimepima mji wote huu
ila hapa; siku walipopima hapa
niliaga naumwa.

Chini ya jiwe, kopo la maziwa ya unga.
Ndani, kete ya bao, ufunguo usio na mlango,
na daftari lenye majina matatu:
la Mhungo; la mgeni kutoka Ufini,
aliyeandika "upepo mwingi, nimekaa kidogo";
na kwa kalamu ya risasi, herufi zikipanda mlima:
"Mtoto wa fundi. Nimeona ila sijachukua."
Mstari wa nne una namba tu, hauna mtu.

Nikaandika Sechelela.
Nikachukua kete. Nikavua hereni ya kushoto,
nikaiacha, ili uongo wangu upungue.

Jioni simu ikalia: Umeshindwa? Nipe mji.
Sikushindwa. Mji nikampa hata hivyo:
Kwa Mbeho.
Akajibu kutoka Nzega: Nilikwenda mji huo,
nikala mlenda, nikashiba, nikanawa. Jibu lake ni
— hapo mtandao ukamchukua.

Jumatatu nikashika ufito.
Soma, akasema mpima.
Nikasoma taratibu, namba moja moja,
kama mtu anayeita watoto ndani giza likiingia.
Akaniuliza kama naumwa.