Fomu Namba Tano

Hakimu aliniuliza mara moja tu:
"Nyanzala Kapela, utaweza?"
Nikasema nitaweza,
kwa sauti ile niliyokuitikia ukinituma kibiriti.

Tangu siku hiyo mimi ni msimamizi wa mirathi.
Nina barua yenye muhuri,
nina bahasha ya kaki iliyolainika kwa jasho la kwapa:
cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo
(Baba mdogo Mhoja alitia dole gumba, wino akaufutia kwenye kanzu),
tangazo lililokaa ukutani siku zake zote,
jina lako likipigwa jua katikati ya kesi za mbuzi.

Benki walinipa namba, nikakaa.
Binti wa dirishani akasema, "Mwenye akaunti aje mwenyewe."
Nikamsogezea cheti. Akakisoma. Akasema pole,
kisha akaniomba kopi mbili.

Sasa ni usiku, umeme umekatika Tabora nzima,
naandika orodha kwa mwanga wa simu yako.
Nyumba ya Isevya, vyumba vitano: moja.
Baiskeli isiyo na mnyororo: moja.
Mizinga, msitu wa Sikonge: arobaini na mmoja.
Kaka Lugendo anataka tuigawe sawasawa.
Nimemwambia mizinga itagawika,
nyuki hawakuhudhuria kikao.

Mizani ya chuma uliyostaafu nayo
sijui niiandike wapi.
Miaka thelathini ulipima tumbaku ya watu kule Urambo
mikono ukiiweka mgongoni, kila mkulima aione.
Shangazi anasema ndiyo sababu hatuna ghorofa.

Madeni:
mama wa michembe, elfu nne. Nimelipa.
Fundi viatu, elfu mbili na mia tano.
Alikataa kupokea, akageukia ukuta.

Saa tatu na robo simu ikatetemeka kiganjani:
umepokea shilingi elfu tano, Sizya Magoha.
Mwezi jana, elfu tano. Mwezi juzi, elfu tano.
Nikarudi nyuma hadi kidole kikachoka.
Daftarini mwako hayumo.
Kikaoni hakuna aliyemtaja.
Nikapiga. Sauti ya mwanamke, mtoto akikohoa nyuma yake:
"Shikamoo mzee. Imefika?"

Nilikuwa na maneno ya mahakama mdomoni, baba.
Nikasema, "Imefika."

Akasikia si wewe. Akanyamaza kidogo.
"Basi mwambie zimebaki tatu."

Tatu za nini, sikuuliza.
Fomu inataka jumla, na chini ya jumla sahihi yangu,
na mimi mstari mmoja nimeuruka.
Ndiyo, nimegusa sahani. Nimejiona.
Kesho kutwa hakimu ataniuliza kama ni hayo tu.

Asubuhi laini yako nitaiwekea vocha ya mia tano,
isije ikafungwa kabla hajamaliza.