Saa Nne Asubuhi, Calama

Dirisha nimelibandika karatasi za fedha, zile za kufungia nyama,
juu yake nimetundika blanketi la marehemu mama,
na bado jua la jangwa linapata upenyo:
uzi mmoja, mwembamba,
unatambaa ukutani mpaka unifike jichoni.

Nimeshuka zamu saa mbili.
Usiku kucha nimeendesha gari ambalo gurudumu lake
limenizidi kimo mara mbili,
nikipandisha mawe ya shaba kutoka shimoni,
nikishuka mtupu, nikipanda tena,
njia ileile, vumbi lilelile,
taa nyekundu zilezile za mwenzangu mbele.
Humo ndani kuna kamera ndogo inayochunga macho yangu.
Kope zikikawia kufunguka, kiti kinatetemeka
na sauti ya mwanamke asiyekuwepo inaniita:
"Nolvia, pumzika."
Pumzika! Wapi?
Saa kumi alfajiri, ukingoni mwa shimo,
na tani mia tatu mgongoni?

Sasa niko kitandani, hakuna anayehesabu kope zangu,
nazo sasa ndiyo zimegoma kushuka.
Miguu imelala. Mikono imelala.
Kichwa peke yake kinapanda na kushuka,
kinapanda na kushuka.

Yerko, mwanangu, ana miaka tisa
na anajua kufunga mlango kama mwizi.
Hukoroga chai bila kijiko kugusa kikombe.
Mwalimu wake aliniambia,
"Mtoto huyu hata kucheka anacheka kwa kunong'ona."
Hilo linanikesha kuliko jua.

Kisha anakuja yeye, muuza gesi,
nondo mkononi, mkono nje ya dirisha la gari,
anaipiga mitungi yake
ngang! ngang-ngang! ngang!
mpaka mbwa wa mtaa mzima waitikie.

Jana nilikuwa nimeshika lepe, lepe moja tu, la kuazima.
Nikatoka na nguo za kulalia, peku, nywele timtim,
nikasimama mbele ya gari lake.
"Kaka, kuna watu wamelala!"
Akazima injini.
Macho yake mekundu kuliko yangu.
"Dada, usiku nalinda ghala," akasema.
"Hii nondo siwapigii wateja peke yao.
Nikiacha kugonga, nitasinzia kwenye usukani."
Nikatafuta neno la kumjibu, sikuliona.
Changarawe ilikuwa inaniunguza nyayo. Nikarudi ndani.

Leo amepita kimya.
Najua amepita: nimesikia matairi
yakikanyaga changarawe polepole,
kama mtu aliyebeba mtoto aliyesinzia.
Nikafumba macho, nikingoja ngang ya kwanza.
Haikuja.
Nikangoja ya pili.
Nimengoja hadi saa saba, macho makavu,
nikiwaza: amefika kona ipi?
Nani atamgusa bega?

Jioni, kabla ya basi la zamu,
nawasha jiko nimpikie Yerko wali.
Moto unapiga chafya ya buluu, unazimika.
Mtungi mtupu.
Na mimi nacheka,
nacheka kwa sauti, nimeegemea sinki,
machozi yananitoka,
mpaka mtoto anaacha daftari lake,
ananijia kwa ncha za vidole,
ananiziba mdomo kwa kiganja:
"Shii, mama. Utajiamsha."