Daftari la Fundi Asukulu

Mwanga, Kigoma, nyuma ya duka la vitenge,
fundi ana daftari moja, jalada jekundu.
Kurasa za mbele: ubepari, ukabaila, thamani ya jasho,
mwandiko umelala upande, umeandikwa juu ya goti
kule Fizi, mvua ikipiga turubai.
Kurasa za nyuma: suruali ya Nyabenda, kiuno 38,
bado elfu mbili.

Katikati hafungui.
Nilichungulia siku moja alipokwenda kuswali:
majina, vijana arobaini na mmoja,
na mbele ya kila jina namba ya bunduki.
Bunduki zote zilirudi.

Leo kaja Mama Mlasi na mjukuu, sare ya shule.
Fundi kapiga magoti, kazungusha futi,
mkono ukasita begani.
"Hii sidai, mama."
Mama kafungua fundo la kitenge,
kahesabu noti juu ya cherehani, polepole, hadi ya mwisho.
"Ya shati nimelipa, Kamanda.
Yako je?"

Mimi nilikuwa nashona vifungo. Nikazidi kutazama sindano.

Mvua ikikatika, milima ya ng'ambo husogea
karibu mno, waweza kuhesabu miti.
Siku hizo fundi hugeuza cherehani
ielekee ukutani.