Herufi Iliyopungua

Dhahabu naijua kwa ulimi.
Miaka thelathini na minne niliziba meno ya watu
hapa Pasadena, Texas, mji unaonuka mafuta hadi kwenye mto wa kulalia,
na bado nikiokota kipande cha dhahabu
kwanza nakitia mdomoni, ndipo nakiamini.

Zangu ni saba.
Saa za mkono za karati kumi na nane,
zilizotengenezwa kwa ukumbusho wa safari za anga za juu,
kila moja na namba yake mgongoni,
na boksi lake la mbao, na ufunguo wa boksi.
Lorraine, kabla hajaondoka, aliziita wake wenzake.
Ya kwanza nilikopa. Wengine wameukanyaga mwezi;
mimi niliununua kwa miezi, thelathini na sita,
bila kuchelewesha hata mmoja.

Sita zinalala benki, gizani:
saa zisizojua saa.

Ya saba ni namba thelathini na moja.
Niliifuata Dickinson, kwa mjane,
nyumba ambayo mstari wa mafuriko bado unaonekana ukutani,
sawa na kiuno cha bibi harusi pichani.
Bi Odile Landreneau aliitoa kwenye mkoba wa vifaa vya kunyolea,
katikati ya wembe na brashi iliyokauka,
akaiweka mezani kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Mumewe hakuruka kwenda popote.
Everett alipima vali za oksijeni,
zamu ya usiku, kwa saa ya chuma aliyojinunulia,
afungue, ahesabu, afunge, aandike,
afungue, ahesabu, afunge, aandike,
ili watu watatu wavute pumzi mahali pasipo pumzi.
Wakubwa wakaandaa karamu. Nyama, hotuba, makofi.
Akaitwa jukwaani, akapewa dhahabu,
na nyuma ya dhahabu, kwa mwandiko wa kupendeza:
Everett Landrenau.
E moja imepungua.

"Aliisoma ndani ya gari," alisema Bi Odile.
"Akawasha taa, akaisoma tena.
Akasema, basi huyu bwana kabahatika,
tukimwona tumpe saa yake.
Hakuivaa hata siku moja."

Sasa nitaje aibu yangu.
Moyo ulinidunda, na si kwa huruma.
Sisi wakusanyaji twajua: kosa ni adimu kuliko usahihi,
na adimu ndiyo bei.
Ile e isiyokuwepo ilikuwa na thamani ya gari jipya.
Nilimlipa kwa haki, naapa, hata nikazidisha.
Alihesabu noti polepole, akafunga bahasha kwa mpira,
akaniuliza mlangoni, kama anayeuliza njia:
"Umemnunua yupi, daktari? Wangu, au yule mwingine?"

Nilisema nini? Nilisema asante.
Nilisema barabarani kutakuwa na foleni.

Mwezi wa nne huu, sijaipeleka benki.
Naitia ufunguo kila asubuhi, naiweka sikioni:
nayo ina meno, madogo, mazima,
yanayotafuna dakika wala hayanihitaji.

Jana usiku nilishuka gereji,
nikafunua mashine yangu ya zamani, ile ya kuchonga meno,
nikavaa miwani ya lenzi.
Mthamini wa Dallas atalia; nusu ya bei itaondoka, au zaidi.
Mkono ambao haukutetemeka vinywani mwa maelfu
ulitetemeka.
Vumbi la dhahabu likaniangukia kidoleni. Nikalilamba.

Herufi imetoka kombo kidogo,
imebanwa kati ya n na a
kama jino la mtoto lililochelewa kuota.
Nimeirekebisha saa ilingane na ile ya jikoni.
Kutoka hapa hadi Dickinson
ni nusu saa.