Sauti Hupitia Shinyanga

Miaka kumi na tisa nimenadi dagaa Mwaloni Kirumba
bila kipaza sauti, bila filimbi, kwa koo hili tu.
Waliotoka Ukerewe walinisikia kabla hawajafunga kamba.
Kisha koo likavimba kama la chura,
nikapanda Bugando, kilimani, juu ya mawe,
wakatoa uvimbe wa ukubwa wa limau,
na nilipozinduka nikaita, "Nesi!"
Ukatoka upepo.

Daktari Rwegoshora, kijana, viatu vimechoka,
akachora nyuma ya fomu yangu ya bima.
Huu ubongo. Hiki kisanduku cha sauti.
Hapa na hapa ni shubiri moja, mama.
Lakini neva ya kushoto hailipiti koo kwa njia ya mkato:
inalipita bila hodi, inateremka kifuani,
inauzunguka mshipa mkuu pale unapotoka moyoni,
ndipo inapanda tena, nyuma ya tezi tulilolikata.
Tumeigusa. Haikukatika. Imeshtuka.

Nikaandika, maana kusema sikuweza:
Kwa hiyo mtu wa Kirumba katumwa Igogo
akapitia Shinyanga?
Akacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.
Twiga huko Serengeti naye ni hivyo hivyo, akasema,
mita kwa mita, kwenda na kurudi,
na mwenyewe wala si mpiga kelele.
Nikaandika: Fundi gani huyo?

Hakujibu siku ile. Alijibu siku ya kutoa nyuzi.
Hakukuwa na ramani, alisema. Kulikuwa na samaki.
Samaki hana shingo; moyo wake ni jirani wa mashavu,
na kwake njia hiyo ni fupi, imenyooka.
Kisha shingo ikarefuka, moyo ukahamia chini,
kizazi kwa kizazi, unywele kwa unywele,
na neva, iliyokwisha kunasa chini ya mshipa,
ikavutwa,
ikavutwa,
maana haikupatikana hata siku moja ya kufunga duka
ili ikatwe iungwe upya.

Hilo nililielewa kuliko yeye.
Nyumba yetu ya Mabatini ilianza chumba kimoja, ubavuni mwa jiwe.
Baba akaongeza cha pili alipozaliwa Lushinge,
cha tatu shangazi alipokuja na maradhi yake,
na bomba lililokuwa likiingia mlangoni
sasa linazunguka jiwe, choo, banda la kuku la jirani,
ndipo lifike jikoni, hatua nne kutoka lilikoanzia.
Wageni huuliza ni nani aliyepanga hivi.
Hakupanga mtu. Tulikuwa humo ndani, tunapika.

Siku hizi usiku najipapasa kama mkaguzi wa nyumba.
Kifupa cha mkia: mkia upi?
Gego la mwisho, lililokosa nafasi likalala ubavu.
Kiuno kilichokuwa daraja, tukakisimamisha kiwe nguzo;
kila gunia linanikumbusha.
Na vinyweleo, alfajiri, upepo wa ziwa ukivuma,
husimama vyote kunivika manyoya
ambayo sina.

Sauti imerudi nusu, ina mchanga.
Milembe, mwanangu, ndiye anayenadi; mimi nanyoosha vidole.
Jana wameleta kamongo, mzima, kwenye karai.
Bibi hakumla: alisema ana pumzi ya mtu.
Nikainama. Akapanda juu, akafungua mdomo, akavuta hewa
kwa mlango ule ule wa kumezea,
kosa letu lile lile, njia ya ugali na njia ya pumzi kukatana.
Nikacheka na chai mdomoni, nikapaliwa.

Utotoni tuliambiwa: ukipaliwa, kuna anayekutaja.
Nilikohoa hadi machozi, Milembe akinipiga mgongoni,
na yule wa kwenye karai ametulia, mdomo wazi,
kama aliyekwisha kusema.