Nyumba ya Siwema binti Mfaume

Mtaa wa Muhonda, saa nne asubuhi.
Karatasi yangu inasema: nyumba ya pembeni,
mlango wa mninga, baraza ya saruji nyekundu.
Macho yangu yanasema: ghorofa saba,
chini yake duka la vifuniko vya simu,
na kijana anayeniuliza kabla ya salamu
kama nimekuja kusoma mita ya maji.

Hapana. Nimekuja kwa Siwema.
"Siwema yupi? Wa chipsi amehamia Ilala."
Binti Mfaume. Mshairi.
Aliyefanya darasa la sita zima tuchapwe
kwa kupotewa na silabi moja katika kumi na sita.
Kijana anacheka: "Basi umekuja na kisasi."
Labda. Usiku kucha kutoka Songea
nilihesabu nguzo za umeme, nane, nane,
na Mwalimu Ngonyani, Mungu amrehemu,
alikaa kiti cha nyuma na fimbo yake.

Kijana anaitwa Tamimu.
Ananipeleka nyuma ya ngazi kwa shangazi yake,
Bi Chausiku, muuza mchele,
ambaye hanyanyui uso: "Mizani yake ipo."
Nikafungua daftari haraka,
nikidhani sasa nitasomewa beti.
Akavuta gunia tupu. Chini yake, chuma:
sahani mbili za shaba, mkono umepinda,
jiwe la ratili limelika pembeni kama sabuni.

Mfaume alikuwa mpimaji sokoni.
Alipima choroko na ufuta wa watu wa Kisarawe,
na mtoto alikaa hapa, magoti kidevuni,
akingoja mkono ule utulie.
"Bado, baba," akisema. "Upande wako unadanganya."
Bi Chausiku hakuwapo. Alizaliwa baadaye sana,
amesikia kwa aliyesikia.
Ninaandika hivyo hivyo.

Na kisima? Kile alichokitukana beti tisa
kwa kumrudishia ndoo bila maji?
"Unakikanyaga."
Mfuniko wa zege, juu yake pikipiki tatu.
Tamimu anasogeza moja, anagonga kwa kisigino.
Sauti inakwenda, inakawia, inarudi imelowa.
"Kina kirefu," anasema,
na hajui amesema nini.
Miaka yote ile tulitafuta vina
mwisho wa mstari.

Mchana nikashuka kwa miguu hadi Jangwani.
Ndipo mafuriko yalipochukua daftari lake la kwanza,
wasemavyo. Nikasimama darajani
nikaangalia Msimbazi: ndala moja, mifuko,
povu la kijivu lisilo na haraka.
Sikuona kitu. Sijui nilitaka kuona nini,
karatasi ya miaka sitini ikipiga mbizi?
Jua lilikuwa kali. Nikanunua maji, nikarudi.

Nilirudi kwa ajili ya mchele, nikamwambia Bi Chausiku,
kilo moja, ila unipimie kwa ile ya zamani.
Akanitazama kama mtu anayetazama noti mbovu.
"Ile inapunja."
Nipimie tu.
Akapima. Kisha akaongeza konzi kwa mkono wake,
bila kusema, akafunga fundo.

Ngazi ya kwanza ya ghorofa ile ni ya mbao.
Nyingine zote zege. Sikuiona nilipoingia.
Ina bonde katikati, la ukubwa wa makalio ya mtoto,
na Tamimu huwekea hapo chupa yake ya chai.
"Fundi aliiacha," anasema, "hakupata kipimo chake."
Nikaikalia. Hakuna aliyenizuia.
Watu wakaniruka na maboksi yao,
mmoja akaniita mzee, mwingine akanisonya.

Sasa niko kituoni, mchele magotini,
na mstari wangu wa kwanza tangu darasa la sita:
*Mlango umeondoka, kizingiti kingali*

Nahesabu kwa vidole. Kumi na tano.
Nahesabu tena.
Imepungua *po*.